Masinde na Rafu za Duka la Cheruto

Zamani mkulima akinunua dawa ya kupe pale Subukia aliandikiwa risiti na mkono uliomjua yeye na ng'ombe wake, na siku hizi anapewa kikaratasi chenye mraba wa vidoadoa ambao hata aliyekitoa hawezi kuusoma. Aliyewaletea watu wa bonde lile vikaratasi hivyo ni Masinde, na Masinde nilimfundisha kazi mimi.

Alikuja Nakuru mwaka wa 1979 kutoka upande wa Bungoma, akafagia kiwanda kilichokausha pareto. Pareto ilipokufa, akaja na mashine ya taipu ya kuazima kwenye baraza nilipokuwa na meza yangu ya kuandikia watu hesabu, karibu na stendi, akaniuliza kama anaweza kuketi. Mimi hesabu nilizisoma kwa posta. Masomo yalikuja kwa bahasha kila mwezi, nikayalipia kwa mshahara wa kuwekea watu petroli. Masinde hakujua deni linaandikwa upande gani. Nilimfundisha, naye ananiita Mwalimu hadi leo. Mwandiko wake ulilala kama ngano iliyopigwa na mvua ya mawe. Kwa miaka ishirini foleni ilikuwa yangu. Ikizidi, nilimsukumia mtu mmoja au wawili, naye alishukuru.

Jambo moja nitalisema kwa haki: hana haya. Serikali iliposema kila mfanyabiashara, hata wa duka dogo, atoe risiti kupitia mtambo wake unaoitwa eTIMS, Masinde alienda kwenye mafunzo ya bure mjini, akaketi mstari wa mbele kati ya vijana wa umri wa wajukuu wake, akauliza swali lile lile mara tatu. Mimi nilienda siku moja. Msichana aliyefundisha akaniambia, "Mzee, toa simu tuone." Nikatoa yangu ya vibonyezo. Jirani yangu akacheka kwa pua. Nikatoka kama mtu anayekwenda msalani, na sikurudi.

"Hata kabambe kama hiyo yako inafanya, Mwalimu," Masinde aliniambia kesho yake barazani. "Unabonyeza tu namba."

"Mimi nina kalamu."

"Kalamu haina network."

Watu wa foleni wakacheka. Foleni yenyewe ilikuwa watu wawili, na wote walikuwa wake.

Nilibaki na Cheruto. Ana duka la agroveti Subukia, aliloachiwa na marehemu mume wake: chumvi ya ng'ombe, mbegu, dawa za minyoo, chakula cha kuku. Kila Alhamisi kwa miaka kumi na moja nilitoka kwangu Kiamunyi kwenda kumwandikia kitabu. Wateja tuliwaandika kwa majina ya ng'ombe wao, maana kina Kiplimo wa kilima kile ni zaidi ya kumi, lakini mwenye ng'ombe anayeitwa Sarafina ni mmoja tu. Cheruto aliniwekea chai ya maziwa na kiazi kitamu. Mke wangu alikuwa amekwisha kufa. Sikumwambia Cheruto neno lolote. Nilimwita Mama Kimeli, kwa mtoto wake wa kwanza, kwa heshima. Lakini wiki yangu ilikuwa na siku moja tu, na siku hiyo niliipeleka kwake.

Kisha ushirika wa maziwa ukamwandikia barua: kuanzia mwezi uliofuata usingenunua chumvi kwake bila risiti ya mtambo. Na ushirika ndio ulionunua nusu ya mali yake.

"Mwalimu, hii utanifanyia?" akaniuliza.

"Hayo yatapita, Mama Kimeli. Tumeona mengi."

Alhamisi ya pili akauliza tena, nikajibu vile vile. Ya tatu nilimkuta Masinde nyuma ya kaunta, anakunywa chai.

"Karibu, Mwalimu," akasema, kana kwamba duka ni lake. "Cheruto, ongeza kikombe."

Cheruto. Kwa miaka kumi na moja sikuwahi kulitamka jina hilo mbele yake, na huyu alikuwa na saa mbili pale.

Akanieleza kazi ilipokwama. Mtambo hauuzi kitu usichokijua. Kila bidhaa iingizwe kwanza: jina lake, kipimo, bei, na idadi iliyopo. Duka lile lilikuwa na chupa ambazo panya walikuwa wamekula lebo, na vitu vilivyojulikana kwa majina ya hapo hapo tu. Kuna unga tuliouita Dawa ya Kosgei, kwa sababu ndama wa Kosgei ndiye wa kwanza kupona. Orodha nzima, jina la duka na jina la kiwandani, ilikuwa kwenye kitabu changu.

"Hiyo kitabu ikiwa hapa, ni kazi ya asubuhi moja," Masinde akasema. "Iko wapi?"

"Nyumbani. Nafunga hesabu za mwaka."

Kilikuwa kwenye begi langu, begani. Niliuhisi uzito wake nikisema. Zilibaki siku nane mwezi uishe, nami nikapiga hesabu yangu: bila kitabu hawafiki, Masinde ataonekana hajui kitu, na Cheruto atarudi kwangu tuandike kama zamani. Kwamba Cheruto ndiye angepoteza ushirika, niliona hilo pia. Nikaliruka.

Nikakaa nyumbani nikingoja anipigie. Ijumaa simu haikulia. Jumamosi nikaipeleka kwa fundi aiangalie, akaniambia ni nzima. Jumapili kimya. Jumanne sikuweza tena, nikabeba kitabu nikaenda.

Mlango wa duka ulikuwa umefungwa nusu. Ndani, mali yote ilikuwa chini sakafuni. Masinde ameketi juu ya gunia la pumba na simu mkononi, Cheruto yuko kwenye ngazi, kitambaa chake cha kichwa cheupe kwa vumbi. Hawakunisikia.

"Hii chupa ya kijani?"

"Ya minyoo. Hiyo marehemu alileta katoni mzima, akasema itanunuliwa kama mkate. Ikakaa miaka mbili. Siku tunamzika, watu wanne wakakuja kuitafuta."

"Ukawauzia?"

"Nikiwa na nguo ya matanga. Ningefanya aje, na minyoo haina matanga."

Wakacheka, kicheko cha chini cha watu waliocheka siku nzima. Chupa ile nilikuwa nimeiandika kila mwezi kwa miaka kumi na moja, na habari yake sikuwahi kuisikia. Sikuuliza. Nilikuwa naandika. Masinde hakuwa na kitabu, kwa hivyo aliuliza kila kitu, na kila kitu kilishuka kutoka kwenye rafu na habari zake. Walikuwa hivyo kwa siku tatu. Kitabu kingekuwepo, ingekuwa asubuhi moja.

Nikakohoa.

"Kumbe ni Mwalimu," Masinde akasema. "Umeleta? Weka tu hapo. Tumebakisha rafu moja."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningejua la kumjibu.

Cheruto akashuka, akajifuta mikono kwenye leso, akanisindikiza mpaka mlangoni. "Ilikuwa kwa begi," akasema polepole, ili Masinde asisikie. "Siku ile. Niliona kona ya kitabu."

"Mama Kimeli, mimi..."

"Kunywa chai kwanza."

Sikunywa.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa tarehe mbili ya mwezi uliofuata, kwenye uwanja wa ushirika. Nilienda kuuangalia mtambo ukikwama, sitaficha. Na ukakwama. Magunia arobaini ya chumvi yalikuwa yameshushwa, karani amesimama mbele ya mlango wa stoo na ufunguo wake, na Masinde ameinua simu kuelekea mlimani akitafuta mtandao. Akajaribu mara mbili. Karani akatazama saa. Nikajisikia mwepesi kama kijana.

Ndipo Cheruto alipomshika Masinde kiwiko na kuuinua ule mkono juu zaidi, wakasimama hivyo, yeye akiushikilia, mpaka simu ikalia. Karani akaja, akasoma namba ya risiti, akaenda kufungua stoo. Magunia yakaanza kuingia. Masinde akashusha simu, lakini Cheruto hakukiachilia kiwiko.

Mimi nilikuwa nyuma ya mitungi ya maziwa. Njia ya kwenda stendi ilipita mbele yao, kwa hivyo nikazunguka kwa nyuma, katikati ya mahindi ya watu, viatu vikajaa matope.