Mtu Ambaye Sikumwandikisha

Asubuhi moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa miaka imepita na nyumba yenyewe haipo tena. Ilikuwa wakati wa vita. Nilikuwa msichana wa umri kama wako, ninauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, katika soko la Uvira. Wazazi wangu walikuwa wamekufa. Nyumba yangu ilikuwa karibu na mto unaoshuka kutoka milimani na kupita katikati ya kartie yetu, yaani mtaa wetu, kabla ya kuingia ziwani. Asubuhi hiyo watu watatu walisimama uani kwangu wakiwa na daftari.

Ninakusimulia haya kwa sababu juzi nilikuona ukifunga mlango walipokuja wale vijana wa kupima nyumba zilizo karibu na maji na kuandika majina, kwa kuwa ziwa linapanda. Sikukulaumu. Mimi nilifanya zaidi ya kufunga mlango.

Mmoja wa wale watatu alikuwa shefu wa kartie. Wa pili nilimjua tangu utoto: Mzee Saidi, muuza chumvi, ambaye mababu zake walifika kando ya ziwa zamani kwa biashara. Wa tatu alikuwa mgeni mwenye viatu safi, na yeye ndiye aliyeshika daftari. Viatu vile sikuvipenda. Barabara zetu zilikuwa tope tupu.

Walieleza kwamba mvua imebadilika tabia. Inakawia, kisha inashuka yote kwa mchana mmoja, na milima juu yetu imebaki wazi kwa kukatwa miti ya makaa. Walikuwa wanapanga namna ya kuokoa watu mto ukifurika. Walinzi wangekaa mlimani na filimbi, nasi tungepanda hadi shule ya juu. Asiyeweza kutembea angebebwa kwa kipoyi, ile machela ya miti ambayo watu wa Lemera, kule milimani, huitumia kushusha wagonjwa, na kila kipoyi kilikuwa na wanaume wanne. Mzee Saidi ndiye aliyewasimamia wabebaji.

Utasema ni mpango mzuri. Lakini sikiliza maswali yao. Nyumba hii ina watu wangapi? Wanaitwa nani? Nani kati yao hawezi kukimbia?

Katika miaka ile, mwanangu, kila jeshi lililoingia mjini lilianza kwa kutaka orodha. Nilikuwa nimeona karatasi ikisomwa mbele ya watu, na walioitwa hawakurudi. Sasa mtu nisiyemjua ananiuliza nani nyumbani kwangu hawezi kukimbia.

Na alikuwepo. Mjomba wangu alikuwa amelala chumba cha nyuma, hatua chache kutoka pale tuliposimama. Alikuwa amekimbia mapigano upande wa Makobola, risasi ikiwa imepita gotini. Alikuwa mvuvi, hajawahi kushika bunduki, lakini ni askari gani angeona kovu la risasi kwenye mguu wa mwanamume akaamini hivyo? Alifika Uvira amefunikwa na magunia ya mihogo ndani ya lori, na kwa miezi minne hakuna jirani aliyemwona. Nilikuwa nimempa amri moja tu: sauti yoyote isiyo yangu, usiijibu.

"Na kama ni malaika?" aliniuliza siku ile ya kwanza, akicheka.

"Hata malaika. Siku hizi nao wanavaa yunifomu."

Basi nikamjibu mgeni kwamba niko peke yangu. Mzee Saidi alikuwa anaangalia mafiga, ambapo ugali ulikuwa unaiva.

"Weye mama, peke yako na sufuria hii?" akasema. "Unakula kama kikosi kizima."

Shefu alicheka. Mgeni hakucheka, aliandika. Nilisema ninapika mara moja kwa siku mbili ili kuokoa makaa. Mzee Saidi aliniangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha wakaenda kwa jirani.

Mjomba alikuwa amesikia yote kupitia ukuta. Alinitania kwamba kipoyi kingemfaa, hajabebwa na wanaume tangu utotoni. Halafu akaacha mzaha.

"Umuambie Saidi tu," alisema. "Minye nimesikia sauti yake. Ule ni muntu."

Nikakataa. Nilimwambia leo Saidi, kesho daftari, keshokutwa bunduki mlangoni. Nilijiona nina akili kuliko kartie nzima.

Wiki chache baadaye nilipanda gari asubuhi kwenda Nyakabere kununua mihogo. Kule uwandani, mbali na milima, jua lilikuwa kali. Saa za mchana nikaona milima iliyo juu ya Uvira imekuwa myeusi, na wingu lile halikusogea. Niliacha mihogo yangu kwa mwanamke mmoja wa pale, nikaanza kurudi, kwa gari kwanza, halafu kwa miguu, maana barabara ilikuwa imekatika. Nilipofika, mahali pa nyumba yangu palikuwa na mawe makubwa kama ng'ombe waliolala, na tope, na kipande kimoja cha ukuta.

Watu wa kartie walikuwa shuleni juu, karibu wote. Filimbi zilikuwa zimelia kwa wakati, na vipoyi vilikuwa vimebeba wazee na mama mmoja aliyejifungua juzi yake. Nilimtafuta Mzee Saidi nikamwambia kwamba mjomba alikuwa ndani. Hata hapo nilinong'ona, kwa sababu askari wawili walikuwa wamesimama karibu na ukuta wa shule.

Alikaa chini kwanza. Kisha akanieleza polepole.

"Tulipita kwako. Mubebaji mumoja akasema amesikia kikohozi. Nikaita mara mbili. Kimya. Listi inasema mutu mumoja, na huyo tulimuona asubuhi mu gari ya Nyakabere. Tukaenda."

Tulimpata mjomba kesho yake, tukamzika siku hiyohiyo. Alikuwa nyuma ya mlango. Kwa hiyo alikuwa ameamka, alikuwa amejivuta hadi pale, na alikuwa amewasikia. Alitii amri yangu.

Baada ya mazishi Mzee Saidi hakupandisha sauti. "Ulimuficha kwa askari, mama," alisema. "Na siye pia ukatuficha. Sufuria niliiona, nikanyamaza nikifikiri unajua unachofanya; hilo ni langu. Lakini ungeninong'oneza mimi peke yangu, ningemuweka mu kichwa. Haingefika mu karatasi."

Sitakuambia kwamba shaka yangu ilikuwa ya bure. Daftari lile sikujua lilikwenda wapi baada ya mgeni kuondoka, na mpaka leo sijui. Shaka iliokoa watu wengi katika miaka ile, na ziwa linalopanda sasa halijawafanya wanaoandika majina kuwa malaika.

Kwa hiyo watakaporudi wale vijana, mwanangu, usifunge mlango. Simama nao uani uwaulize wewe. Karatasi hii inalala wapi? Nani mwingine ataisoma? Ikichukuliwa kwa nguvu, mtafanya nini? Majibu yasipokuridhisha, kataa kuandikwa, na ukatae waziwazi. Lakini kabla jua halijazama siku hiyo, nenda kwa jirani mmoja mwenye mabega ya kubeba mtu na mdomo mzito, umwambie ni nani yumo ndani ya nyumba yako, analala upande gani, na ni sauti gani atakayoijibu. Usimwache mtu wako ajulikane na wewe peke yako, kwa maana kuna siku nawe utakuwa umeenda sokoni.

Mungu akukinge na maji, akukinge na wenye silaha, na siku utakayoshindwa kujua lipi ni baya zaidi, awepo mtu anayejua uko wapi.