Miti Iliyobambuliwa Juu ya Kisegi

Watu wa Kisegi, kijiji cha kando ya ziwa, walimwita Emmaculate Awino "binti wa Zilpah anayekumbatia miti." Kwa mbali ndivyo alivyoonekana: mwanamke mrefu, mikono imezunguka shina, shavu limegusa gome, akiipitisha tepi nyuma ya mti hadi aishike upande wa pili. Waliokuwa wakipita na kuni kichwani walicheka. Naye alicheka nao, kwa sababu miaka michache tu nyuma alikuwa akipita njia hiyo hiyo akiwa na mzigo wake wa kuni.

Alikwenda kusomea misitu, akarudi nyumbani mwaka 1993 na kupata kazi katika mradi wa utafiti uliokuwa na viwanja vya vipimo mlimani, juu ya Kisegi. Kila kiwanja kilikuwa kipande cha msitu kilichowekewa vigingi pembeni, na kila mti mkubwa ndani yake ulikuwa umepigiliwa kibati chenye namba. Kila baada ya miaka miwili wapimaji walirudi kwenye miti ile ile kuona upi umenenepa, upi umedumaa, upi umekufa na umeuawa na nini. Waliandika pia mashimo yaliyokuwamo mitini na viumbe waliokaa ndani. Ni kazi ya subira. Mti unaweza kuongezeka unene wa ukucha tu katika miaka miwili, na Emmaculate alifurahia ukucha huo kama mama anayempima mtoto kliniki.

Alichokipenda kupita vyote ni hondohondo. Ndege hao hutaga katika mashimo ya miti mikubwa. Jike hujifungia ndani, tundu likazibwa kwa udongo ukabaki ufa mwembamba, na dume huja kumlisha kupitia ufa huo. Pale mlimani hondohondo walipenda zaidi mti wa ober, ambao ukizeeka hupata mashimo mapana na kivuli kizito.

Februari ya 1997, wakati wa kiangazi, alipanda mlima na Bwana Makori, mkuu wa mradi. Makori alikuwa Mkisii wa makamo, mtu wa maneno machache, asiyependa kumwonea mtu. Katika kiwanja cha kwanza walikuta ober tatu zimekauka. Katika cha pili, tano. Matawi yalikuwa wazi kama ya mti uliopigwa na radi, lakini miti mingine iliyozizunguka ilikuwa na majani yake.

Makori aliinama kwenye shina moja, akapitisha kiganja juu ya mti mweupe ulioachwa uchi.

"Panga," alisema. "Umebambuliwa pande zote. Mti ukizungushwa hivi, chakula hakishuki tena mizizini."

Emmaculate alisoma namba kwenye kibati, akaandika "umekufa," na mahali pa kuandika chanzo kalamu yake ikasita.

Walipomaliza viwanja vyote walikaa kambini wakalinganisha vipimo vipya na vya nyuma. Picha ilijitokeza waziwazi. Miti iliyokufa ilikuwa ober karibu peke yake. Iliyokufa ilikuwa minene, yenye umri wa kuzaa mbegu, na yote ilikuwa karibu na njia zinazopanda kutoka vijijini. Kulikuwa na jambo jingine. Mwaka 1993 ober chache zilikuwa tayari zimebambuliwa, lakini upande mmoja tu, ukanda mwembamba. Hizo zilikuwa zimepona, kovu limefunikwa, na ziliendelea kunenepa karibu sawa na nyingine.

"Zamani walikuwa wakichukua kidogo," Makori alisema. "Sasa kuna nini?"

"Watu wanaumwa, Bwana Makori."

"Najua wanaumwa. Hata kwetu wanaumwa."

Hakuna aliyeutaja ugonjwa wenyewe. Miaka hiyo UKIMWI watu wa kando ya ziwa waliuita ayaki, tena kwa sauti ya chini, na wengine walisema si ayaki bali ni chira, adhabu ya mwiko uliovunjwa. Kutoka Sori hadi Mbita habari ilikuwa imeenea kwamba maji ya gome la ober yakichemshwa sana huurudisha mwili uliokonda. Tangu zamani gome hilo lilikuwa dawa ya tumbo na ya ngozi, watu walichukua kipande cha kutosha sufuria moja. Sasa yalihitajika magunia.

Ambalo Emmaculate hakumwambia Makori ni kwamba nyumbani kwao pia sufuria ilikuwa jikoni. Kaka yake Maurice, aliyekuwa akinunua sangara Sori na kupakia kwenye malori ya barafu, alikuwa amerudishwa nyumbani kabla ya Krismasi, mbavu zinahesabika. Mama yao alikuwa akimnywesha maji mekundu asubuhi na jioni. Emmaculate aliyaona maji hayo, akajua yametoka wapi. Hakuuliza yametoka mti gani.

Makori aliomba askari wa msitu. Siku ya kwanza walikamata wanawake wawili wenye magunia ya gome, wakawapeleka kwa chifu, na huko wanawake hao walifungiwa usiku kucha. Siku ya pili Emmaculate alikuwa akirudia vipimo karibu na kijito aliposikia sauti za askari, na sauti nyingine aliyoijua tangu tumboni.

"Mimi iko na mgonjwa," mama yake alikuwa akiwaambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Nyinyi hapana kuwa na mama?"

Zilpah alisimama kando ya ober kubwa kuliko zote katika kiwanja kile, ile ambayo kila msimu hondohondo walikuwa wakiizibia tundu. Gunia lilikuwa miguuni pake, limejaa. Shina lilikuwa jeupe kuanzia magotini hadi mahali mkono wa mama mzee unapoweza kufika, pande zote. Kijibati cha namba kilikuwa kimeanguka kwenye majani pamoja na msumari wake.

Alipomwona binti yake hakushtuka wala kuona haya. Alimtazama tu.

"Huyu ni mama yangu," Emmaculate alisema.

Makori alifika akihema. Alimtazama mama, akautazama mti, kisha gunia. "Mwacheni aende," aliwaambia askari. "Gunia libaki."

"Bwana Makori," Emmaculate alisema, "mti umeshakufa. Gunia likibaki litatufaa nini?"

Makori aligeuza uso, akatazama ziwa kule chini. Zilpah aliliinua gunia lake, akaliweka kichwani, akashuka.

"Na wale wa jana?" askari mmoja aliuliza.

Swali hilo lilishuka mlimani kabla ya Emmaculate. Mmoja wa wanawake waliolala kwa chifu, Kezia, muuza dagaa waitwao omena, alikuwa na mume mgonjwa kitandani. Siku ya soko alimsimamisha Emmaculate mbele ya watu.

"Mume wangu na kaka yako wanaumwa ugonjwa mmoja," alisema. "Lakini mimi nilale ndani na mama yako apewe njia. Hiyo ndiyo mnayosoma huko shuleni?"

Emmaculate alikuwa amemtetea mama yake kwa moyo wote, na angerudia, lakini Kezia alikuwa na haki, na wote wawili walilijua hilo.

Jioni hiyo alimkuta Maurice ameketi mlangoni, blanketi mabegani ingawa kulikuwa na joto. Mama alikuwa amekwenda kuchota maji. Kikombe cha dawa kilikuwa mkononi mwa Maurice, kimejaa.

"Inakusaidia?" Emmaculate aliuliza.

Maurice alitabasamu kwa shida. "Inanichoma tumbo. Hainisaidii, Awino. Ningejua kama inanisaidia."

"Basi mbona unakunywa?"

"Mama akiona nimemaliza kikombe, analala." Alikunywa funda moja, akafumba macho hadi likapita. "Usimwambie."

Emmaculate aliahidi, akakaa naye hadi mama aliporudi. Mlimani, mti wa miaka mingi kuliko umri wao wote ulikuwa umekufa kwa ajili ya kikombe kile, na kikombe chenyewe hakikuwa dawa. Angemwambia mama ukweli, angemnyang'anya kitu pekee ambacho mikono yake ilikuwa ikimfanyia mwanawe. Akinyamaza, magunia yangeendelea kushuka. Hakuweza kuchagua. Alifanya jambo la katikati, na hata yeye alijua kuwa ni la katikati.

Juma lililofuata alimchukua mama yake hadi kwenye ober nje ya viwanja, mbali na njia. Alichora kwa chaki ukanda wa upana wa viganja viwili, upande mmoja wa shina.

"Hapa tu, Mama. Ukiishia hapa mti utajiziba. Nimeiona iliyokatwa hivi, iko hai mpaka leo. Ukizunguka, umeuua, na mwakani hutapata gome mahali popote."

Zilpah aliutazama ule ukanda. "Hiki kidogo kitamtosha nani?"

"Kitatosha."

"Wewe unauonea huruma mti, nyara," mama alisema polepole, akimwita "binti yangu" kwa lugha yao, kama alivyomwita utotoni. "Sijasema ni vibaya. Lakini mtoto ni wangu."

Hata hivyo alikata ndani ya chaki, na siku zilizofuata pia alikata hivyo. Emmaculate alijaribu kuwafundisha na wengine. Makori alikubali, akamwombea nafasi kwenye baraza la chifu, naye akaeleza mbele ya watu yale waliyoyaona katika vipimo: ukanda mwembamba hupona, kuzungusha huua. Wazee waliitikia kwa vichwa. Kezia aliinuka akaondoka katikati ya maneno, na wanawake kadhaa wakamfuata. Hao ndio waliokuwa wakipanda mlima, si wale wazee.

Mwishoni mwa mwaka zilikuja zile mvua zilizovunja madaraja na kukata barabara. Ziwa lilipanda hadi mashambani. Katikati ya mvua hizo Maurice alifariki, na jeneza lake lilibebwa mabegani kuvuka matope kwa sababu gari halikuweza kufika. Mume wa Kezia alimtangulia kwa siku chache. Kwenye matanga ya Maurice Kezia alikuja, akalia na Zilpah kama ilivyo desturi, akampita Emmaculate bila kumpa mkono.

Kipimo kilichofuata kilifika mwaka 1999. Emmaculate alipanda tena na Makori. Ober zilizokuwa zimekauka zikiwa zimesimama, mvua zilikuwa zimeziangusha, mizizi yake imeoza, na mahali pawili ardhi ilikuwa imeteremka pamoja nazo. Mti wa hondohondo ulikuwa umelala, tundu lake limetazama chini, mchwa wakiingia na kutoka. Siku zote walizokaa mlimani hawakusikia sauti ya hondohondo hata mmoja. Ober nene zilizobaki hai zilikuwa upande wa miamba, nyuma ya mgongo wa mlima, mahali ambapo hakuna njia. Waliokuwa wakijua zilipo ni wao wawili tu.

Aliposhuka alimkuta Achieng, mjane wa Maurice, akimngoja nyumbani kwa mama. Achieng alikuwa amekonda mashavu, na alikohoa akishika kifua kwa mikono miwili.

"Wifi," alisema, "wanasema ober imekwisha. Lakini wewe unaijua miti yote huko juu, mmoja mmoja. Nionyeshe ilipo."

Zilpah alikuwa ameketi kando, akisubiri jibu kama Achieng alivyosubiri.

Emmaculate angeweza kusema hajui. Lilikuja hadi ulimini. "Ipo," alisema. "Najua ilipo. Sitakuonyesha."

Mama aliinuka. "Kwa kaka yako ulinionyesha mwenyewe. Ulinichorea na chaki. Huyu hakuzaliwa na mtu?"

"Mama, ile dawa..." Aliishia hapo. Alikuwa amemwahidi Maurice, na Maurice hakuwapo tena kumfungua kwenye ahadi hiyo. "Nitakwenda naye hospitali. Kesho."

"Hospitali ndiko kaka yako aliambiwa arudi nyumbani akafe."

Achieng alilia. Lakini asubuhi alikuwa tayari, labda kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Walichukua mashua hadi Homa Bay na kupanga foleni kutwa nzima. Walipima makohozi yake. Alikuwa na kifua kikuu. Daktari aliwaambia kwamba hicho kinatibika akimeza vidonge kwa miezi bila kuruka siku hata moja, na kwamba kuhusu ule ugonjwa mwingine hawezi kuwaahidi chochote. Emmaculate alimwomba arudie sehemu ya kwanza, ili Achieng aisikie mara mbili.

Achieng alimeza vidonge. Mwezi wa pili kikohozi kilipungua. Mwezi wa nne aliweza kupandisha ndoo kutoka ziwani. Mwisho wa mwaka alikuwa ameketi tena sokoni Kisegi na karai la samaki, akibishana na wateja.

Zilpah alifurahi kumwona hivyo, na alimpelekea uji kila siku. Kwa Emmaculate alibaki kimya. Alimtumia salamu kupitia Achieng, akamwekea chakula, lakini hakumwita nyara tena. Moyoni mwake aliamini kwamba binti yake alimnyima mke wa marehemu dawa kwa kuionea miti huruma, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumwondolea imani hiyo bila kumvunja moyo kwa ile siri ya kikombe.

Makori aliandika katika ripoti kwamba ober za miambani zisichorwe kwenye ramani yoyote itakayosambazwa. Kisha Emmaculate alimwomba amhamishe, na Januari alikwenda kupima miti ya mashambani upande wa Migori, mahali ambapo hakuna aliyemjua mama yake. Achieng ndiye aliyemsindikiza hadi stendi, akambebea begi, akamfungia sangara mkavu kwenye gazeti.