Msusi Anayeyafungulia Mawazo Njia

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Chumba kinanukia spiriti na mafuta ya nywele, harufu mbili ambazo si kawaida kukaa nyumba moja. Kwenye kiti cha magurudumu ameketi mwalimu wa chekechea, macho kayafumba. Nyuma yake amesimama mwanamke wa miaka arobaini na moja, kitana kakibana kwa meno, vidole vikipita kwenye nywele za mwalimu polepole kama vinasoma.

"Inamisha kidogo, mwalimu. Hapo hapo. Usiniangushie kichwa, leo nakihitaji."

Mwalimu anacheka. Tangu alipoanguka ngazini na kuvunjika shingo, kichwa ndicho pekee kinachomtii.

Hapa maabara msusi huyu anaitwa Mama Mistari. Kazi yake ni kupasua nywele za watu wanaojifunza kuendesha mkono wa mashine kwa mawazo. Kila mmoja huvishwa kofia laini yenye vifungo thelathini na viwili vya chuma, kila kifungo na waya wake. Mtu akifikiria kushika kitu, vifungo hunasa umeme mdogo wa ubongo, kompyuta inausoma, na mkono uliofungwa mezani unatenda. Lakini kifungo kisipogusa ngozi ya kichwa, hakuna kinachosomeka. Na nywele nene hazimpishi mtu.

"Zamani kulikuwa na mtindo ukiitwa twende kilioni," anasema huku akipima nafasi kwa kidole. "Huu wangu ni twende mashineni."

Miaka mitatu iliyopita alikuwa saluni ya watu, kiti cha tatu kutoka mlangoni. Siku moja mwalimu huyu huyu aliletwa na dada yake aoshwe nywele, kichwa kimeganda jeli.

"Nikamuuliza, nani kakumwagia gundi?" anakumbuka Mama Mistari.

Mwalimu akamweleza kwamba ni jeli ya maabara, ya kusaidia vifungo vya kofia kunasa umeme. Mara tatu watafiti walikuwa wamemrudisha nyumbani kwa sababu vifungo havikugusa. Sasa walitaka anyolewe, naye alikuwa amekataa katakata. "Niliwaambia, mikono imeondoka, miguu imeondoka, nywele mniachie," anasema mwalimu.

Msusi akaomba kuona picha ya ile kofia. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Kisha akamsuka ili njia zipite palepale vifungo vinapokaa. Siku tatu baadaye mhandisi mkuu wa mradi akaja saluni mwenyewe.

"Nilimkuta na wateja wanne," anasema mhandisi. "Nikakaa foleni. Ningefanyaje?"

Siku hizi Mama Mistari huja maabara mara tatu kwa wiki. Maandalizi yaliyokula saa mbili, yeye huyamaliza kwa dakika arobaini, na siku hizo tatu humpa zaidi ya alichopata saluni wiki nzima.

Ila ukikaa naye muda, utaona jambo. Akishamaliza kusuka haondoki. Husimama ukutani akiutazama ule mkono wa mashine, kama mtu anayesubiri barua.

Aliyemfundisha kusuka ni mama yake mzazi, aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na mitano. Miaka minne iliyopita mama alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi. Kwa mkono mmoja mtu hula, huoga, hufungua mlango. Kusuka hawezi.

"Nikirudi nyumbani mama haniulizi chakula wala wageni," anasema. "Ananiuliza, leo umemsuka nani, na mistari mingapi?"

Mradi ulikuwa wa watu waliovunjika shingo. Alimbembeleza mhandisi miezi saba hadi mama akapewa wiki sita za majaribio.

Wiki mbili za kwanza, patupu. Mama aliambiwa afikirie kushika kikombe. Mkono wa mashine ukakaa kama gogo.

"Mwanangu, kikombe nashika kwa kushoto," mama akamwambia mhandisi, maneno yakitoka polepole kwa ulimi uliokuwa mzito. "Nikifikirie cha nini?"

Mama Mistari akachuchumaa mbele yake. "Achana na kikombe, mama. Nisuke mimi. Anzia utosini."

Mama akafumba macho. Midomo ikaanza kucheza. Chukua, vusha, vuta. Chukua, vusha, vuta. Mhandisi akainuka kitini. Kwenye kompyuta, mstari uliokuwa umelala wiki mbili ulikuwa ukipanda na kushuka. Vidole vya chuma vikajikunja, vikafunguka, vikajikunja tena.

Watu wakapiga makofi. Mama hakucheka. Aliutazama ule mkono, akasema, "Umeshika. Lakini mimi sijasikia kitu."

Anapofika hapa katika simulizi yake, Mama Mistari huacha kusuka.

"Nilimwelewa. Msusi hatumii macho. Vidole ndivyo vinavyokwambia hapa vuta, hapa legeza. Mama alikuwa anakitafuta hicho."

Wiki sita zikaisha, nafasi ikaenda kwa mwingine. Siku ya mwisho waya zilichomolewa, lakini mama akakataa kuvuliwa kofia. Alikaa nayo mpaka saa sita mchana, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Sasa kila alasiri, nyumbani, hukaa dirishani na kufumba macho. Akisemeshwa hujibu neno moja: "Kazini."

Mhandisi anasema wanajaribu vidole vipya, vitakavyomrudishia mtu hisia ya kile kilichoshikwa, kwa mkanda unaofungwa begani. "Siwezi kumwahidi. Vingi vinaharibika mikononi mwetu. Na kusuka si sawa na kuinua kikombe, ni mbali sana. Lakini jina la mama nimeliandika mwenyewe." Ni la tisa kwenye orodha.

Mama Mistari hajakaa kitako. Anawafundisha wenzake wawili wa saluni kupasua njia za kofia, ili zamu ya mama ikifika, kichwa cha mama kiandaliwe na mtu mwingine.

"Siku hiyo sitaki kuwa nyuma ya kiti," anasema. "Nitakuwa mbele ya ule mkono."

Anakifungua kitambaa cha buluu alichojifunga kichwani. Nywele zake mwenyewe zimejaa, zimechanwa, hazijasukwa kwa miaka minne. Wenzake wamejitolea kumsuka mara nyingi. Huwajibu kwamba ana msusi wake.

"Nitakaa chini, nimpe kichwa," anasema. "Na ule mkono ukinivuta mpaka machozi yanitoke, nitamwambia, vuta tu mama, bado hujaniumiza."