Nilimkohoza Nyegere kwa Simu ya Mama

Nilichukua simu ya mama akiwa anaoga, nikatuma video ya nyegere anayekohoa kwenye kundi la akina mama wote wa kanisa letu. Ndiyo, ni mimi. Hakuna aliyenituma, na sikuwa nimelewa chochote isipokuwa sifa.

Jina msiniulize. Bado niko shule, tunakaa Norsborg, huku Uswidi, mwisho kabisa wa laini nyekundu, pale ambapo hata treni imechoka. Watu wetu wa huku wananijua kwa mizaha. Ni mimi niliyewahi kutangaza kwamba ibada ya Krismasi itafanyika juu ya barafu ya ziwa, kila mtu aje na kiti chake. Mama Furaha, mama mmoja Mkongomani anayeongoza kwaya, alibeba kiti mpaka ziwani. Mkumbukeni huyo mama na kiti chake.

Sasa huyo nyegere. Waswidi wanamwita grävling. Mnene, miguu mifupi, uso mweupe wenye mistari miwili myeusi. Sisi nyumbani tunamwita nyegere tu, japo nyegere wa Afrika ni jamaa mwingine, mkorofi. Huyu wa hapa hana neno na mtu. Anafukua minyoo, anajikuna, anarudi shimoni.

Familia ya nyegere hao ilikaa kwenye kilima nyuma ya zizi la Babu Gunnar. Babu Gunnar ni mzee wa Kiswidi mwenye ng'ombe wachache, safari fupi ya basi kutoka kwetu. Akina mama walimgundua miaka mingi iliyopita, kwa sababu maziwa ya dukani yamechemshwa na kuchujwa mpaka hayakumbuki kama yalitoka kwa ng'ombe. Ukiyatia kwenye kibuyu kupata mursik, yale maziwa yetu ya mgando, unapata maji yenye huzuni. Kwa hiyo Jumamosi akina mama wanapanda basi na ndoo zao, Wakenya, Wakongomani, hata dada mmoja wa Burundi, wananunua maziwa mabichi yenye mafuta yake. Babu Gunnar anawakaribisha kwa kahawa. Mwanawe, Lasse, alikuwa anamsukuma auze ng'ombe apumzike. Mzee alikuwa anamjibu kwamba akiuza, wale akina mama watakunywa nini?

Mimi na mdogo wangu, nimwite Cheru, tulikuwa tukienda na mama. Yeye akinunua, sisi tunapanda kilimani kungoja nyegere watoke jioni. Cheru ndiye aliyewapa majina. Yule mkubwa mwenye sikio lililochanika alimwita Mwalimu Mkuu, kwa sababu anatembea kama anatafuta wa kumfukuza shule. Nilimpiga picha nyingi za video.

Halafu shuleni tukapewa mdahalo. Mwalimu wa biolojia alitueleza kwamba huko Uingereza nyegere wanauawa kwa sababu ya kifua kikuu cha ng'ombe, na watu wanagombana juu ya hilo mpaka leo. Mimi nikapewa upande wa kupinga kuwaua. Ndugu zangu, nilipinga! Nilisema ng'ombe wanaambukizana wao kwa wao wanapohamishwa na kuuzwa bila kupimwa vizuri. Nilisema ukiwapiga risasi nyegere, wanaobaki wanatawanyika, na kama wana ugonjwa wanasafiri nao. Nikasema chanjo ipo, vipimo vipo, lakini bunduki inapendwa kwa sababu inaonekana kama kazi imefanyika.

Na kwa kuwa siwezi kufanya jambo bila mzaha, nikawaonyesha video ya Mwalimu Mkuu akitoka shimoni, na juu yake nimeweka kikohozi. Kikohozi changu mwenyewe, nimekohoa ndani ya kikombe. Darasa likaanguka kwa kicheko. Nilitaka kuonyesha jinsi watu wanavyomsingizia mnyama. Mwalimu akanipongeza, akaongeza kwamba ng'ombe wa Uswidi hawana ugonjwa huo hata kidogo. Nikarudi nyumbani kichwa kimevimba.

Kicheko cha darasa hakikunitosha! Nikaona simu ya mama mezani.

Hapa lazima mumwelewe mama yangu. Anahudumia wagonjwa hospitalini. Si daktari, lakini kwa akina mama wa kanisa hakuna daktari anayemzidi. Mtu hamezi kidonge cha kichwa kabla hajampigia. Tena kaka yake alikufa kwa kifua kikuu akiwa kijana, kwa hiyo neno hilo mama hachezi nalo. Mimi nililijua hilo. Nilijua, na bado nikaandika chini ya video, kwa ile sauti yake: "Wapendwa, huyu ni nyegere wa kwa Babu Gunnar. Hicho ni kifua kikuu, na nyegere huwaambukiza ng'ombe. Tuombeane."

Nilingoja vicheko. Badala yake majibu yakaanza kuingia: asante mama kwa kutujulisha, Mungu akuzidishie, mimi nimemwaga yote.

Nimemwaga yote!

Mama hakuwa amelifungua lile kundi; alijua kanisani, akina mama walipomshukuru mlangoni. Hakupiga kelele. Alisimama wakati wa matangazo akasema ule ujumbe haukuwa wake, hakuna ugonjwa, maziwa ni salama. Wakaitikia amina. Jumamosi hakuna hata mmoja aliyepanda basi. Nilikuja kusikia wanavyosemezana: hospitali imemkataza kusema, wazungu hawataki watu washtuke, si mliona alivyoinamisha macho? Mama alikuwa ameinamisha macho kwa aibu yangu mimi.

Wengi wao wametoka mahali ambapo kikohozi cha aina hiyo kilizika watu wa nyumba nzima. Nani angewalaumu?

Basi nikaenda mwenyewe kwa Mama Furaha. Alikuwa na wenzake sebuleni, wanafanya mazoezi ya nyimbo. Nikawaambia kila kitu, simu, video, mdahalo. Hawakusadiki. Nikaomba kikombe, nikakohoa ndani yake kama kwenye video, wasikie wenyewe. Wakacheka. Hapo ndipo nilipojua nimekwisha. Nilikohoa vizuri mno, wakacheka mpaka wakafuta machozi.

Mama Furaha ndiye aliyetulia kwanza. "Mutoto, mie nilibeba kiti mpaka ku ziwa," akasema. "Leo unasema iko mchezo. Kesho utasema nini?"

"Ni kweli safari hii, mama."

"Hata ile ya kiti ulisema ni kweli."

Nikamrudishia kikombe chake.

Halafu akina mama wakafanya jambo la heshima, na heshima yao ndiyo iliyoua. Hawakutaka kumkimbia mzee kimyakimya, maana amewatendea wema. Mama Furaha akaenda kumwambia uso kwa uso: tunakupenda, ng'ombe wako tunawapenda, lakini mpaka wale wanyama waondoke hatuwezi kuwanywesha watoto.

Nilipanda basi kwenda kwa Babu Gunnar. Nikamwambia kwa Kiswidi, maana aibu kwa Kiswidi ni nafuu kidogo. Yeye alinisadiki mara moja, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema ameishi na nyegere kilimani tangu akiwa mtoto, na daktari wa mifugo amempimia ng'ombe wote, hawana kitu. Nikamwomba asiwaguse. Nikamtolea mdahalo wangu wote, chanjo, kutawanyika, bunduki. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika ndoo tupu.

"Mimi huna haja ya kunishawishi," akasema. "Lakini wao hawaogopi ng'ombe wangu, wanaogopa nyegere. Karatasi ya daktari hawaitaki. Nitawaonyesha nini?"

Lasse alikuwa anasafisha buti mlangoni. Alisema msimu wa kuwinda umeshafunguka, sheria inaruhusu, na nyegere wanachimba chini ya ukuta wa zizi hata hivyo. Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayezungumzia majani ya kufagia. Babu Gunnar akaitundika ile ndoo tupu ukutani. Nilijua hapo amekubali. Angewapoteza akina mama, angewapoteza na ng'ombe.

Niliwaza kwenda kukaa juu ya shimo. Niliwaza kumpigia mwalimu. Nilimpigia kweli, akasema ni sheria yao na ardhi yao, akanipa pole. Mtu aliyenipongeza kwa kutetea nyegere akanipa pole!

Picha iliingia tukiwa mezani, tunakula ugali. Iliingia kwenye simu ile ile ya mama, kwenye kundi lile lile. Babu Gunnar alimtuma Lasse kuipiga, na Mama Furaha akaisambaza. Nyegere wamelazwa kwenye nyasi kwa mstari, wakubwa na wadogo, nyuso zao zimeelekezwa upande mmoja kama watoto kwenye picha ya darasa. Chini yake: karibuni tena, zizi ni safi. Chini yake tena, akina mama: Mungu ni mwema, Jumamosi basi la asubuhi.

Cheru alikuwa amekaa karibu na simu. Aliiona kabla mama hajaigeuza. Aliweka kidole juu ya lile sikio lililochanika, akaanza kulia bila sauti, ugali bado mkononi.

Wenzangu mnaopenda kuchekesha, nisikilizeni. Nilipinga kuuawa kwa nyegere mbele ya darasa zima, kwa hoja safi, nikashinda. Na ni mimi niliyewaua, wakiwa wazima, katika nchi isiyo na ugonjwa wenyewe. Usichezee kitu kilichozika ndugu za watu. Ukikichezea, ukweli wako hautakuwa na miguu ya kukimbilia. Utausema mlango kwa mlango, na watu watakucheka, kwa sababu ndivyo ulivyowafundisha.

Pale mezani nilikuwa nikisubiri mama anipige, au anitukane, au walau aondoke. Hakufanya hata moja. Alisogeza sahani yake kando, akamtazama Cheru, kisha akanigeukia mimi. Akasema:

"Haya, mchekeshaji. Mchekeshe mdogo wako."