CD Zilizotundikwa Bondeni

Jumatatu saa nne asubuhi simu ya wifi yangu Sesilia iliniita nikiwa Temeke, napepeta mchele wa kuuza. Niliipokea nikitarajia sauti yake. Aliyesema alikuwa mwanaume.

"Dada Demetria, mie mwenyekiti wa jumuiya, huku Chanika. Jitahidi ufike nyumbani, kaka yako amezidiwa."

"Nipe Sesilia."

"Yupo na akina mama. Wewe njoo tu."

Nilifunga gunia, nikamwomba jirani aniangalizie biashara. Mgonjwa akizidiwa anayepiga simu ni mkewe. Mwenyekiti wa jumuiya akipiga kwa simu ya mke, mgonjwa hayupo tena. Njia nzima nilisali rozari kwa ajili ya marehemu, na nilipofika Chanika nilikuta vijana wanafunga turubai. Ilikuwa presha. Alikutwa amekaa kwenye kiti mbele ya kompyuta, bado hajaiwasha. Pembeni yake, juu ya leso safi, ilikuwepo CD moja.

Kaka yangu Polikarpo alizaliwa karibu na Ndanda mwaka 1967. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1988 akaajiriwa kuwa karani wa stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Wazo, na kazi hiyo aliifanya mpaka alipostaafu na kuhamia Chanika. Alimwoa Sesilia mwaka 2001. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Gladness, aliyezaliwa mwaka 2006. Kanisani Polikarpo alikuwa mwalimu wa kwaya, na ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo, wengine wanaitikia.

Gladness alipofikisha mwaka mmoja, baba yake aliota uvimbe kooni. Madaktari waliondoa sehemu inayotoa sauti. Alipona, lakini kwa miaka kumi na minane iliyofuata alizungumza kwa kuandika. Daftari likijaa alinunua jingine. Akikasirika alipiga mstari chini ya neno, na akikasirika sana alipiga miwili. Kumwita mtu aligonga meza mara tatu.

Mwaka jana Gladness aliingia kwaya. Siku ya kwanza mama mmoja alimwambia anaimba kama baba yake. Akarudi nyumbani akamuuliza, "Baba, ulikuwa unaimbaje?"

Polikarpo akaandika: "Vizuri."

"Hilo si jibu, baba. Mie sijawahi kukusikia hata siku moja."

Ukurasa huo alinionyesha mwenyewe, na chini yake alikuwa ameandika: "Nitamtafutia."

Kulikuwa na CD kumi na moja. Mwaka 2003 padre mmoja aliyekuwa anarudi kwao aliiachia kwaya mashine ya kuchomea CD, ile ya nje, inayochomekwa kwenye kompyuta kwa waya mnene wa printa. CD zilikuwa adimu, kwa hiyo Polikarpo hakuzifunga. Leo alirekodi wimbo mmoja, wiki mbili baadaye akaongeza mwingine kwenye CD ileile, na akaiacha wazi ili iendelee kupokea. Hakujua kwamba CD ikiachwa hivyo, mashine nyingi nyingine huiona tupu.

Basi mwaka 2019 alipozipeleka kwa mafundi wanne, wote walimwambia hazina kitu. Aliamini. Sesilia alikuwa na mpunga bondeni na ndege walikuwa wanaumaliza. Akaomba zile CD, azitundike zimulike juani. Polikarpo alimpa, akamkatia na kamba. Zilikaa bondeni miaka mitano.

Safari hii, alipoanza kusoma mtandaoni, ndipo alipoelewa kwamba CD hazikuwa tupu, ila zilihitaji kusomwa na mashine iliyozichoma. Mashine aliikuta stoo ya parokia, chini ya mapazia ya Kwaresima. Akaja nayo Temeke kwa Faraji, fundi wa kompyuta ambaye kibanda chake kipo jirani na meza yangu. Faraji ni mtani wetu.

"Kaka Poli," Faraji akasema, "hii ukiipeleka makumbusho wataipokea, na wewe watakuweka pembeni yake."

Polikarpo akaandika: "Una kompyuta yenye mlango wa printa au huna?"

"Ninayo. Kuku anaatamia juu yake."

"Mhamishe."

"Kuku wa watu ana mayai tisa, wewe unasema nimhamishe? Nyie watu hamna huruma."

Polikarpo akapiga mstari chini ya neno "mhamishe". Kesho yake kompyuta ililetwa Chanika, imefutwa vizuri.

Tatizo likawa draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa. Ile ya kiwandani ilishapotea. Ipo nyingine, ya huria, iliyoandikwa na watu wanaojitolea, na mtu yeyote anaweza kuichukua na kuitumia kwenye Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Kuifanya ikubali kulimchukua wiki saba. Vifaa vya aina ile vilikuwa na namna nyingi za kuzungumza kupitia waya wa printa, naye hakujua chake kinatumia ipi. Alizijaribu moja moja. Mwishowe alimwandikia barua pepe mmoja wa watu wanaoitunza ile programu, kwa Kiingereza chake cha sekondari. Yule mtu alimjibu kwa mistari miwili: afungue kifuniko, asome namba iliyopo kwenye chipu ndogo karibu na waya. Alipoipata namba ikabaki shida moja. Programu ya printa ilikuwa inajiwasha yenyewe na kuwahi mlango kabla ya draiva, kwa hiyo ilibidi iondolewe kwanza, kila mara. Hatua zote aliziandika daftarini.

Mashine ilikubali siku ya Jumatano. Sesilia alisikia meza ikigongwa mara tatu, akamkuta ameshika zile CD kumi za bondeni. Waliziweka zote, moja baada ya nyingine, na hakuna iliyosomeka. Jua lilikuwa limepausha upande wa chini na ngozi ya fedha imebanduka.

"Mie ndiye nimeziharibu," Sesilia akasema.

Akaandika: "Aliyekata kamba ni mimi."

Ya kumi na moja haikujulikana ilipo. Jumapili baada ya misa ndipo Sesilia alipokumbuka kwamba moja hakuitundika. Aliibakiza ya kufunikia jagi la maji ya kunywa, na jagi lenyewe lilishavunjika, CD ikabaki kabatini. Polikarpo aliiosha kwa sabuni, akaiweka kwenye leso. Aliandika kwamba ataijaribu asubuhi. Asubuhi hiyo ndiyo aliyofariki.

Gladness alifika kutoka chuoni Jumatatu hiyohiyo jioni. Jumanne, akina mama wakiwa jikoni, alimwita Faraji ndani akafungua daftari la baba yake.

"Hii ya kwanza tuiruke," Faraji akasema. "Kuondoa programu ya printa ya nini, wakati printa yenyewe haipo?"

Wakairuka. Mashine ikakaa kimya. Wakajaribu tena, ikakaa kimya.

"Mjomba, tufanye kama alivyoandika."

"Haya. Marehemu mwenyewe alikuwa mbishi, na mtoto kamrithi."

Walifuata hatua zote. Taa ya mashine ikawaka, na baada ya muda zikaonekana nyimbo tatu. Gladness alifungua ya kwanza. Kabla ya kuimba mtu alikohoa, kisha kaka yangu akasema: "Haya, tunarudia. Yustina, usikimbie. Moja, mbili." Ndipo akaanzisha.

Yustina mwenyewe, mwanakwaya wa zamani, aliyekuwa anamenya vitunguu nje, alisimama na kisu mkononi. "Sikukimbia mimi," akasema. "Yeye ndiye alikuwa anachelewa." Watu wakacheka, na Sesilia alicheka pia.

Gladness hakucheka wala hakulia. Alimwomba Faraji arudishe mwanzo. Alisikiliza mara nne, akazihamishia nyimbo zote tatu kwenye simu yake, akasema, "Kumbe alikuwa anaongea haraka hivi."

Padre alitueleza kwamba ndani ya misa hatupigi nyimbo za kurekodi, lakini nyumbani tunaruhusiwa. Kwa hiyo Jumatano saa tano, jeneza likiwa chini ya turubai, Gladness alisimama akasema baba yake ataanzisha wimbo na kwaya iitikie. Akabonyeza. Sauti ilitoka kwenye spika, wanakwaya wakaitikia, wale wa zamani na wa sasa. Faraji alitoa utani wake: "Miaka kumi na minane ananiandikia barua, kumbe anaweza kusema." Baada ya hapo tulipita kuaga, Sesilia wa kwanza, Gladness, kisha mimi.

Misa ilikuwa saa saba. Makaburini padre alibariki kaburi, akanyunyiza maji ya baraka na kufukiza ubani. Tulitupia udongo, wanaume wakamalizia kwa makoleo. Msalaba ulisimikwa kichwani. Mashada yaliwekwa na mke, mtoto, ndugu, jumuiya na kwaya. Mwenyekiti aliongoza sala ya mwisho, tukaitikia raha ya milele, tukanawa mikono, na kufika saa kumi na robo watu walikuwa wameanza kurudi.