Kurumbiza wa Ngulyati waliomnyamazisha bosi

Kumepambazuka kidogo tu huku Ngulyati, nje ya mji wa Bariadi, na Benedikta Mayala ameegemea ufagio wake nyuma ya ghala la pamba. Hafagii. Anasikiliza.

Kichakani inatoka sauti nyororo, kama ya mtu anayepiga mluzi huku akiwaza mambo yake. Inapanda, inazidi kupanda, mpaka kichaka kizima kinalia. Sauti ya pili inaidaka ya kwanza bila kuacha mwanya.

"Ni wawili hao, mume na mke," ananong'ona. "Usiposikiliza vizuri utadhani ni mmoja."

Ni ndege aitwaye kurumbiza: kifua rangi ya chungwa lililoiva, kichwa cheusi, na juu ya jicho mstari mweupe kama nyusi iliyopakwa chokaa. Uwanja wazi haupendi. Hurukaruka chini ya vichaka akipekua majani makavu, akitafuta mchwa na siafu. Ukimkazia macho, anayeyukia kivulini.

Benedikta, ambaye wengi humwita Mama Nyanda, ni mjane mwenye watoto wanne; alifagia ghala la ushirika kwa miaka mingi. Biashara huria ilipoingia na wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, ghala lile likafungwa. Alihangaika misimu miwili kabla Sharifu, mfanyabiashara wa mjini, hajamwajiri kwenye ghala lake hili.

Mwaka huu, kabla ya ununuzi kuanza, Sharifu alimwagiza afyeke kichaka ili malori yapate pa kugeuzia. Alipoinua panga, ndege akachomoka karibu na vidole vyake. Akafunua matawi. Ndani ya kisiki kilichooza, makinda mawili yalikuwa yameachama midomo.

"Nilishusha panga," anasimulia. "Kadege kadogo vile, wala hakakwenda mbali. Kalibaki pale kananitazama."

Sharifu alifoka. "Mama Nyanda, kazi huitaki?"

"Naitaka, bosi. Ila mkono umekataa."

Kesho yake Sharifu alikuja mapema na vibarua wengine. Benedikta alikwishafunga kitenge chake kiunoni, tayari kurudi nyumbani bila kazi. Ndipo mluzi ukasikika. Bosi akageuka kwa hasira.

"Nani ananipigia mluzi?"

Mluzi ukapanda, ukawa mlio wa kipanga, kisha wa tetere, kisha ukarudi kuwa mluzi. Benedikta akanyoosha kidole. Tawini, koo likitetemeka, alikuwapo ndege wa kuenea kiganjani.

"Sauti yote hii inatoka humo?" Sharifu aliuliza, safari hii kwa kunong'ona. Akachuchumaa.

Hakuna aliyesogea mpaka jua lilipochomoza. Kisha akawaambia vibarua waende upande wa barabara, wakang'oe uzio. Malori yatageukia huko.

Makinda yamekwisharuka. Benedikta naye ana mpango: mvua zikianza, atapanda minyaa na miti kuzunguka nyumba yake, isongamane hata mbuzi ashindwe kupenya.

"Kwangu ni peupe, tulikata kila kitu tukalima pamba," anasema. "Nataka watoto wangu waamshwe na sauti hii. Kivuli nitaweka. Kuja ni shauri la ndege wenyewe."