Migomba ya Watu wa Bauma

Juzi wajukuu wangu walikata migomba ya zamani nyuma ya nyumba, na harufu ya utomvu ikanirudisha kwa Koko Kanyere, mama ya baba yangu. Wakati ule hii kartiye, mutaa wetu wa leo, ilikuwa pori. Mchana mumoja, nikiwa mutoto, nilipita hapa naye, na kwenye kila mugomba Koko alisalimia:

«Bauma, njo sisi. Sebutu, mama Nyota, tunapita.»

Majani yalilia tu. Nikafikiri watu wanajificha.

«Mutoke, tumewaona!» nikacheka.

Koko akaniziba kinywa.

«Ndui iliwamaliza wote, nikiwa mudogo kama wewe. Hapa njo nyumba zao zilikuwa. Nikifa, nani atawaita?»

«Mimi, Koko.»

Basi juzi nikasimama mbele ya visiki, nikaita.

«Koko, unaongea na nani?» Furaha, mujukuu wangu, akacheka.

Nikamushika mukono, nikaanza tena na Bauma.